Mdomo wa Kuchorwa Ukiimba Kiswahili

Ukitaka kujua kama katuni inayoimba imepita kwenye mikono ya fundi, usianze na macho yake wala nguo zake. Subiri wimbo ufike kwenye neno lenye m, kisha tazama midomo. Kwa sauti ya m midomo ya binadamu lazima ikutane. Hakuna njia nyingine ya kuitamka. Katuni ikisema "mama" huku imeachama, mtoto wa miaka mitano atahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kukitaja. Midomo ile ikikutana kwa wakati wake, ikatulia kidogo, kisha ikafunguka kwa a, mtoto yuleyule anasahau kwamba anatazama rangi na mistari. Anaamini kuna mtu anaimba.

Nimejifunza kuitazama midomo hiyo Kwaluguru, wilayani Handeni, nyumbani kwa dada yangu. Sebuleni kuna televisheni ndogo inayotumia umeme wa sola, king'amuzi kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na waya wa antena unapita dirishani kwenda kwenye mlingoti wa mwanzi. Mpwa wangu wa miaka tisa hukaa kwenye mkeka, karibu mno na kioo. Mama yangu, yaani bibi yake, hukaa nyuma yake kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua kunde. Katuni ikianza kuimba, mtoto anaimba nayo. Bibi haimbi, ila baada ya muda kunde zinaanza kudondoka kwenye ungo kwa pigo la wimbo. Nikiona hivyo, najua wachoraji wa wimbo ule wametimiza kazi yao.

Bendi ya kuchorwa, isiyo na mwanamuziki hata mmoja mwenye damu, ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1958, huko Marekani, Ross Bagdasarian aliwapa sauti wanyama wadogo watatu, Alvin, Simon na Theodore. Alirekodi tepu ikizunguka kwa nusu ya kasi, yeye akiimba polepole, kisha akaichezesha kwa kasi kamili. Sauti yake nzito ya kiume ikapanda ikawa nyembamba na changamfu. Mwaka 1961 wanyama wale wakapata kipindi chao cha televisheni. Anayedhani huo ni ujanja mwepesi ajaribu kuimba wimbo anaoujua kwa nusu ya mwendo, kila silabi akiivuta mara mbili, bila kupoteza pumzi wala lahani, na bado wimbo ukiharakishwa usikike wa mtu aliyeamka na furaha.

Mwaka 1968 ikaja The Archie Show, vijana watano na vyombo vyao: Archie na Reggie kwenye magitaa, Jughead kwenye ngoma, Veronica kwenye kinanda, Betty na tari. Don Kirshner, aliyesimamia muziki wao, alikuwa ametoka kugombana na The Monkees, vijana wa kweli waliotaka kujiamulia nyimbo za kuimba. Safari hii alipata bendi ambayo isingegombana naye. Waimbaji halisi, Ron Dante na Toni Wine, walifanya kazi studio bila sura zao kuonekana. Mwaka 1969 wimbo wa bendi hiyo, "Sugar, Sugar", uliotungwa na Jeff Barry na Andy Kim, ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki nne, na jarida la Billboard likauweka juu ya nyimbo zote za mwaka. The Beatles walikuwa bado pamoja wakati huo.

Studio ya Filmation iliyowachora haikuwa na fedha nyingi. Mchoro wa kijana akipiga ngoma ulitumika kipindi hiki, ukarudi kipindi kingine, ukarudi tena. Wengi wameuita uvivu. Mimi nauona kuwa hesabu ya mtu anayeijua kazi yake. Mchoro utakaorudi mara hamsini ni lazima ukae vizuri juu ya mdundo wowote utakaowekwa chini yake, na kuchora mkono wa namna hiyo ni kugumu kuliko kuchora mkono wa wimbo mmoja.

Kwetu, kiumbe wa kubuni anayeimba alikuwepo kabla ya umeme. Katika hadithi nilizokulia, msichana au ndege aliyefikwa na jambo zito hasemi, anaimba. Mama yangu akifika hapo alibadilisha sauti, akauanzisha wimbo kwa upole, nasi tuliokaa gizani tukaupokea kwa kiitikio. Sura ya ndege yule ilichorwa kichwani mwa kila mtoto, na kila mtoto alikuwa na ndege wake. Baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi cha "Mama na Mwana" na sauti ya Deborah Mwenda viliwakusanya watoto wa nchi nzima mbele ya redio, na kama betri zilikuwa zimechoka, zilianikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya kipindi kimoja. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo watu wa umri wangu, Handeni na Korogwe, tulijifunza kuona kwa masikio. Nadhani ndiyo sababu siwezi kuvumilia picha isiyoiheshimu sauti.

Mapema mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Tanga na ving'amuzi vikaingia majumbani. Januari 2014, TBC1 ilianza kuonyesha katuni ya Ubongo Kids. Ilitengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, lililoanzishwa mwaka 2013 na watu ambao miongoni mwao walikuwa Nisha Ligon, Rajab Semtawa na Cleng'a Ng'atigwa. Humo akina Kiduchu, Koba na Baraka hukutana na tatizo, hesabu au sayansi huwasaidia kulitatua, na ndani ya kipindi kuna wimbo unaobeba somo. Maswali yaliulizwa kwa namna ambayo mtoto angeweza kuyajibu kwa ujumbe wa simu ya kawaida ya vitufe, akachagua herufi ya jibu lake. Kwa wadogo zaidi ikafuata Akili and Me, hadithi ya binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala huingia katika nchi ya ndoto yenye marafiki wanyama, mmoja wao komba. Watafiti waliwapima watoto wadogo Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliotazama Akili and Me waliwazidi wenzao katika kuhesabu na kutambua namba.

Hawa si bendi yenye jina na magitaa shingoni kama akina Archie. Lakini kazi iliyoko nyuma yao ni ileile: kuufanya mdomo usiokuwepo uimbe wimbo uliopo. Kwao kuna jambo moja ambalo akina Archie hawakuwa nalo, nalo ndilo lililonifanya nikae kwenye ule mkeka siku nyingi. Mdomo wao umeumbwa kwa Kiswahili.

Watu wengi hudhani picha hutangulia, kisha mwimbaji akaja kuijaza sauti. Kwa katuni iliyotengenezwa vizuri ni kinyume chake. Wimbo hutungwa, hurekodiwa, huchujwa, na ukiwa umekamilika ndipo mchoraji huvaa spika za masikioni na kuusikiliza polepole, kipande kwa kipande. Mbele yake kuna orodha ndefu ya fremu. Televisheni yetu hupitisha picha 25 kwa sekunde, na kila moja ina namba yake kwenye orodha. Mchoraji huandika pale inapoanza kila silabi: hapa "ki", fremu tatu mbele "du", fremu nne mbele "chu". Wimbo wa dakika mbili una fremu 3,000. Hata akiamua kila mchoro ukae kwa fremu mbili, kama wafanyavyo wengi ili kuokoa mkono, bado anahitaji michoro 1,500. Hapo bado hajagusa miguu, nyusi wala mikia.

Ukiisikiliza lugha yetu kwa sikio la mchoraji, utaipenda upya. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, na irabu ni tano tu: a inaangusha taya, e inafungua nusu, i inavuta pembe za mdomo, o inaviringa, u inachongoa. Mdomo wa Mswahili anayeimba hufunguka na kurudi, hufunguka na kurudi, kama mtu anayepepea moto wa mkaa. Mchoraji aliyezoea Kiingereza, lugha inayofunga maneno yake kwa konsonanti mbili tatu mfululizo, hukuta hapa mwendo mwingine kabisa. Michoro yake ya midomo, aliyoipanga kwa miaka, inambidi aipange upya.

Chukua jina la Kiduchu. "Ki" huvuta midomo pembeni, meno yakionekana. Kisha "du" huichongoa, na "chu" inaikuta tayari imechongoka. Mchoraji asiyetulia atairudisha midomo katikati kati ya "du" na "chu", kwa kuwa kwenye orodha yake hizo ni silabi mbili. Anayesikiliza ataiacha imechongoka na kuitikisa kidogo tu, kwa sababu hivyo ndivyo sisi tunavyosema. Jaribu kulitamka jina hilo mbele ya kioo. Nimelitamka mara nyingi mbele ya kioo cha kabati la dada yangu, na mpwa wangu akasimama pembeni akinirekebisha.

Halafu kuna m inayosimama peke yake. Katika "mti", "mtu", "mchele", m si mwanzo wa silabi; yenyewe ni silabi kamili, na kwenye wimbo hupewa noti yake. Mwimbaji huiimba akiwa amefumba mdomo, sauti ikipita puani. Kwa mchoraji hili ni zawadi na ni mtego. Ni mtego kwa sababu kanuni ya wachoraji wote ni kwamba noti inapoanza, mdomo ufunguke, na hapa noti imeanza na mdomo umefungwa. Lazima aonyeshe kwamba mtu anaimba bila kufungua kinywa. Afanyeje? Anainua nyusi. Anasogeza kidevu juu kidogo. Anakijaza kifua. Fremu sita hivi za mdomo uliofumba na uso ulio hai, kisha "ti" inapasuka. Nikiona hilo limefanywa vizuri huwa narudi nyuma nilitazame tena, kama mtu anavyorudia ubeti.

Mkazo nao una madai yake. Maneno yetu hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na anayetunga wimbo anatakiwa aiweke silabi hiyo pale pigo la muziki lilipo zito. Akikosea, maana inaweza kumponyoka. "Barabara" ya magari ina mkazo kwenye "ba" ya pili, silabi ya tatu kati ya nne. Ukiuhamishia kwenye "ra" ya kwanza umesema kitu kimefanyika sawasawa. Mtunzi anayewafundisha watoto kuvuka barabara hana budi kulijua hili kabla ya kupiga noti ya kwanza, na mchoraji anayekuja nyuma yake anaweka kichwa cha katuni kiiname kidogo hapohapo mkazo unapoanguka. Watoto hawakioni kile kichwa kikiinama. Wanalisikia neno vizuri zaidi, basi.

Wale wanaotia sauti za Kiswahili kwenye katuni zilizochorwa kwa lugha nyingine nao nawavulia kofia. Wao wamepewa mdomo uliokwisha kuamuliwa. Mahali ambapo lugha ya awali ilimaliza sentensi kwa silabi tatu, Kiswahili kinataka tano au sita, na mdomo haurefuki. Mbaya zaidi, mdomo ule huweza kufumba mwishoni kabisa mwa sentensi, kwa neno lililoishia na m au p, na Kiswahili hakina maneno mengi ya namna hiyo. Basi mfasiri huketi kutafuta neno lenye "ma" au "mba" au "pa" mwishoni, ili angalau ule mkutano wa midomo upate kazi. Anaacha neno lililo sahihi zaidi na kuchukua lenye mdomo sahihi, kisha anapanga upya sentensi nzima ili maana irudi mahali pake. Mtazamaji hatajua. Akijua, kazi imeharibika.

Lakini mdomo ulioumbwa kwa Kiswahili hauna deni hilo, na hapo ndipo fundi anapata nafasi ya kuacha. Kuacha ndiko kunakochukua miaka kujifunza. Chukua neno "tutakapokutana" likiimbwa haraka. Lina silabi saba. Anayejifunza atachora midomo saba, na katuni itaonekana inatafuna. Aliyekomaa anachagua: kuchongoka kwa "tu", uwazi mmoja unaobeba "ta" na "ka", kufumba kwa p, mviringo unaokaa kwa "po" na "ku" pamoja, kisha uwazi wa "tana" unaofifia. Mitano badala ya saba, na jicho linaridhika kwamba limeona yote. Tena huitanguliza midomo fremu moja au mbili kabla ya sauti, kwa sababu sisi wenyewe tukitaka kusema "po" hufumba midomo kwanza, sauti ikafuata. Picha ikingoja sauti ifike ndipo ifumbe, uso unaonekana umechelewa, kama mtu anayecheka baada ya wenzake.

Wenzetu wa muziki wana hesabu yao, na hesabu hizo mbili hazikubaliani kirahisi. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo mawili kwa sekunde. Kwenye sinema ya fremu 24 kila pigo linapata fremu 12 kamili, hakuna shida. Kwenye televisheni ya fremu 25 kila pigo linapata kumi na mbili na nusu, na nusu ya fremu haichoreki. Fundi anapokezana, pigo moja fremu 12, lifuatalo 13, wimbo mzima. Au anakwenda kwa mtunzi mapema na kumwomba aupandishe wimbo hadi mapigo 125, ambapo kila pigo ni fremu 12 kamili, au aushushe hadi 100, ambapo ni 15. Mtunzi atakubali au atakataa. Napenda kuwaza mazungumzo hayo: mtu wa masikio na mtu wa macho wamekaa meza moja, wanabishana juu ya nusu ya fremu kwa ajili ya mtoto atakayetazama akiwa amelala kifudifudi mkekani.

Mikono ni shule nyingine. Huku kwetu ngoma huota moto kabla ya kupigwa, ngozi ikakaza, na mpigaji huigonga kidogo kwa vidole akisikiliza kama imeiva. Usiku mmoja wa harusi, hapohapo Kwaluguru, niliacha kucheza nikamtazama mpigaji mmoja tu kwa karibu saa nzima. Niliona kwamba kinachoanza si mkono. Bega linaanza, linapanda kidogo, kiwiko kinafuata, kisha kiganja kinashuka kwa kasi ambayo jicho halikishiki. Unakiona kikiwa juu, halafu unakiona kwenye ngozi. Njiani hukioni. Na baada ya pigo hakiondoki mara moja, kinarudi polepole kana kwamba ngozi imekinyonya.

Mchoraji mzuri amekwisha kuliona hilo. Kati ya mkono ulio juu na mkono ulio kwenye ngozi haweki mchoro wowote wa katikati. Anayejifunza huweka miwili au mitatu kwa kudhani anaulainisha mwendo, na ngoma inageuka kuwa ya sufi, sauti inasema "ti!" na mkono unasema "pole". Fundi huitunza michoro yake ya ziada kwa ajili ya kurudi. Anachora bega kabla ya pigo, ngozi ikitetemeka fremu mbili baada yake, na kichwa cha mpigaji kikishuka kidogo kuipokea sauti. Kwa magitaa ni kugumu zaidi, kwa sababu mkono wa kushoto una vidole vinne vinavyofanya mambo manne, na wazee wa Korogwe waliocheza muziki wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga wanajua kidole kipi kinatakiwa kuwa wapi. Sijawahi kuona katuni iliyowaridhisha hao. Natamani kuiona.

Kuna kazi moja ya Afrika Mashariki ambayo kila nikiitazama narudi kufikiria mkonge wa Korogwe. Mwaka 2010 Tinga Tinga Tales ilianza kuonyeshwa, katuni iliyochorwa Nairobi katika studio za Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, muziki wake ukatungwa na Eric Wainaina. Wanyama wake wanaimba, na miili yao imechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye michoro ya tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, alizaliwa kusini mwa Tanzania, akaja mkoani Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge kabla ya kwenda Dar es Salaam, ambako alianza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vibao. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu.

Michoro ya mtindo huo imejaa nukta. Chui ana nukta, kanga ana nukta, hata mahali pasipo na sababu ya nukta zipo. Kwenye ubao uliotulia ni rahisi kuzipenda. Ila mnyama akianza kucheza muziki, kila nukta inatakiwa isogee na ngozi yake, wala isiruke kutoka fremu moja kwenda nyingine kama inzi. Ukizichora upya mara 12 kwa sekunde zitatetemeka, na jicho litachoka kabla wimbo haujafika kiitikio. Jibu la wachoraji wa Nairobi lilikuwa kumkata mnyama vipande: kichwa, shingo, mguu wa juu, mguu wa chini, mkia, kila kipande kikiwa na rangi na nukta zake zilizopakwa mara moja tu, kisha vipande vikaungwa kwenye viungo na kusogezwa kwa kompyuta. Na kwa kuwa tingatinga haina vivuli wala umbali, vile vipande bapa havikuonekana kuwa na kasoro. Twiga anaimba, shingo inayumba, na nukta zote zinakwenda naye, zikiwa zimekaa palepale mchoraji alipoziweka siku ile.

Safari iliyopita nilikwenda Kwaluguru na kompyuta mpakato, nikamwonyesha mpwa wangu jinsi ya kusimamisha wimbo wa katuni na kuusogeza fremu moja moja kwa kitufe. Nilidhani atachoka baada ya dakika tano. Alikaa mpaka betri ikaisha. Alihesabu kwa sauti, akataja kila mdomo kwa irabu yake, na alipofika kwenye m aligonga meza kwa kiganja. Kuna mahali alisimama akanigeukia.

"Mjomba, huyu mkono wake haujafika kwenye ngoma, na mlio umeshatoka."

Tukarudi nyuma fremu nne. Kweli, ulichelewa kwa fremu mbili. Bibi yake, bila kuinua macho kwenye ungo, akasema hata yeye pale alikuwa amepotea hesabu.

Asubuhi mtoto alichukua daftari lake la zamani la kurasa 64 na kuanza kuchora kwenye pembe za karatasi, uso mmoja mmoja, ili akizifyatua kwa dole gumba uso uimbe. Nilimfanyia hesabu: daftari lile lina karatasi 32, na kwa michoro 12 kwa sekunde halifiki sekunde tatu. Akafikiri. Alikuwa ametaka kiitikio kizima. Kisha akasema atachora neno moja, "ngoma", na akaniambia mpango wake: mdomo ulioachwa wazi kidogo kwa "ng", mviringo wa o ukae muda mrefu kwa sababu hapo ndipo mkazo ulipo, ufumbe kwa m karatasi tano, kisha a mpaka daftari liishe. Kwa "ng" alikwama. Alilitamka mara kadhaa akijishika shavu, akaenda kwa bibi yake, akamwomba alitamke polepole, naye akapiga magoti mbele ya kigoda, penseli mkononi, akimtazama mdomoni.